Platini za Baba Zuhura

Rehema anaolewa.

Nimelisema kabla hata ya salamu, maana nimelishikilia siku nyingi likanichoma ulimi. Haya sasa, hamjambo mnaosoma. Leo ni Jumapili. Ujiji kumekucha na manyunyu, ziwa limejifunika ukungu mpaka milima ya Kongo haionekani, na dagaa wa majirani hawajaanikwa. Nimekunywa chai na andazi la jana, peke yangu, kisha nikafungua simu.

Kwa usiyenijua, mimi ni Mama Zuhura. Shule niliishia darasa la saba, lakini darasa la saba la zamani, tuliandika mwandiko wa kuunganisha. Blogu hii alinifungulia Rehema alipokwenda chuo. Nilikuwa nampigia simu mara tano kwa siku. Akaniambia, "Mama, ukikumbuka kitu mimi niko darasani, kiandike humo." Nikaandika. Wanaosoma hawafiki ishirini. Mmoja yuko Omani, sijui ni nani, Mungu amweke.

Watoto wangu ni watatu na nitawasifu, blogu ni yangu. Zuhura ni fundi umeme wa magari, yuko Morogoro. Soma tena polepole: fundi, tena mwanamke, tena umeme wa magari. Wanaume wazima humpelekea magari yao wakasimama pembeni mikono nyuma kama wanafunzi. Hamisi yuko Dar es Salaam, ofisi yao ina lifti. Rehema ni mwalimu wa sekondari kule Kasulu, na Jumamosi hii anaolewa na mwalimu mwenzake, Salumu, kijana wa Mwanga, hapa hapa mjini kwetu, mpole, ana meno mazuri.

Furaha hiyo yote nimekaa nayo sebuleni mimi na saa ya ukutani.

Sasa nije kwenye kinachonikosesha raha. Ni gari.

Marehemu Baba Zuhura alituachia gari, stesheni wagoni ya rangi ya maziwa, ya petroli, ya zamani hasa. Miaka mingi alibebea abiria kutoka stesheni ya treni Kigoma kuja Ujiji. Aliipenda mpaka majirani wakawa wananiuliza, "Mke mwenzio hajambo?" Nikawajibu, "Hajambo, kala kunishinda." Nilikuwa nacheka, lakini wivu kidogo nilikuwa nao, kwa nini niseme uongo.

Zuhura alipoolewa, baba yake ndiye aliyemtoa nyumbani kwa gari hiyo, yeye mwenyewe kwenye usukani na kanzu yake iliyopigwa pasi mpaka ikasimama. Rehema alikuwa mdogo, amekaa kiti cha nyuma na sahani ya pilau mapajani. Baba yake akamgeukia mbele ya watu akasema, "Na wewe zamu yako ikifika utatoka kwa gari hii hii." Wengi walisikia. Mimi nilisikia. Mtu akishakufa huwezi kumrudia na kumwomba abadilishe alichosema.

Kwa hiyo wiki mbili zilizopita shangazi yake Salumu, Bi Mgeni, alipokuja kusema kwamba upande wao wana gari nyeupe ya kisasa ya kumchukua bi harusi, nilimjibu pale pale mkekani kwamba mabinti wa nyumba hii wanatoka kwa gari ya baba yao. Na mdomo wangu ukaongeza, kama kawaida yake, kwamba gari yenyewe haijabadilishwa kifaa hata kimoja kwenye mambo ya kuwasha. Ilivyotoka kiwandani ndivyo ilivyo. Bi Mgeni akasema mashallah. Nikajaza chai.

Alhamisi nikaingia kuiwasha, ikakataa.

Ilizunguka, ikazunguka, ikachoka. Nikampigia Fundi Silivesta wa Mwanga. Wazazi wake walitoka Burundi, yeye kakulia hapa hapa, na ukimwambia jambo anaitikia "ego", yaani ndiyo ya Kirundi, kabla hujamaliza. Akaja na begi lake, akafungua boneti, akatoa kile kifuniko chenye waya nyingi, akachungulia ndani ya distribyuta.

Humo ndani kuna platini. Nieleze kwa wasiojua, na mimi nilielezwa na marehemu: ni vidomo viwili vya chuma, vidogo kuliko punje ya mchele, vinagusana na kuachana haraka haraka, na kila vikiachana plagi zinapata cheche. Vikiharibika hivyo, injini yote ile ni chuma cha kukalia kuku.

Fundi Silivesta akavitazama kwa tochi ya simu. Kisha akauliza, "Mama, nani alikuwa anazipiga msasa hizi?"

Nikatazama ukuta.

"Marehemu," nikasema. "Alipenda sana usafi."

"Kazimaliza. Zimesuguliwa kama sufuria la sikukuu. Chuma kizuri cha juu chote kimekwisha." Akatikisa kichwa, kwa heshima lakini akatikisa. "Mimi nilijua mzee ni mtu wa magari. Mtu wa magari hafanyi hivi."

Ndugu msomaji, nikamuuliza kama atakunywa chai.

Akapiga picha akamtumia Zuhura, kwa sababu nilimwambia asiguse chochote bila kumuuliza fundi mkuu wa ukoo. Zuhura akaitupia picha kwenye kundi letu la familia, na hapo vita vikaanza. Hamisi alishatuma siku nyingi kiboksi cha elektroniki cha kuwekwa badala ya platini. Mimi nilikificha kabatini chini ya mashuka.

Hamisi akaandika: "Kile kiboksi kiwekwe. Hakina cha kusugua wala cha kurekebisha. Ufunguo mmoja, imewaka."

Zuhura akajibu: "Ni kizuri, sikatai. Ila kikifa kinakufa kimya, na hapo ulipo ndipo unalala. Platini ikisumbua, fundi yeyote wa kijijini Simbo anaiamsha kwa bisibisi na kipande cha karatasi."

"Nani anakwenda Simbo, dada? Bi harusi anatoka Ujiji anafika Mwanga, basi."

"Wewe hata plagi hujawahi kuifungua."

"Ndiyo maana nina kucha safi."

Nilicheka peke yangu jikoni. Ninawapenda wakigombana, ni kama wako chumba cha pili. Lakini Hamisi akaongeza: "Kumbe mzee mwenyewe alikuwa anaziharibu, na sisi alitukataza hata kuegemea boneti." Akaweka vile vikatuni vinavyocheka mpaka machozi.

Zuhura hakucheka. Aliandika maneno mawili tu. "Sikutegemea baba."

Nikaiweka simu kifudifudi mezani.

Baba yake ndiye aliyemfanya fundi. Alianza kumsimamisha juu ya ndoo mbele ya boneti hiyo angali darasa la tatu. Kila alichonacho Zuhura leo, mwanzo wake ni mikono ya yule mzee. Na sasa kwa ulimi wangu mimi, mkewe, amegeuka mtu wa kuharibu vitu.

Wacha niseme ukweli, maana nimeshausema kwingine na hapa haunipunguzii kitu.

Niliyezisugua ni mimi.

Huu ni mwaka wa tatu tangu afariki. Siku ya Ijumaa, watu wakishatoka msikitini na kwenda kula makwao, mtaa wetu unanyamaza. Zamani huo ndio wakati wa Baba Zuhura kufungua gari yake. Mimi nilikuwa nasimama mlango wa jikoni na mwiko mkononi, namtazama. Nilimwona akibandua vibanio viwili vya kifuniko. Nilimwona akisugua vile vidomo kwa kipande cha msasa laini, akipuliza, akiingiza kikaratasi kigumu alichokata kwenye pakiti ya majani ya chai ili kupima nafasi, kisha akikaza skrubu. Nilijua kila hatua, kama mtu anavyojua pishi la mwenzake kwa kulitazama tu.

Basi Ijumaa ya kwanza baada ya eda nikafunga geti nikafanya hivyo hivyo. Msasa, kupuliza, kikaratasi, skrubu. Nikageuza ufunguo, ikawaka. Mwanamke gani mwingine hapa Ujiji anafungua distribyuta na kuifunga na gari ikawaka? Nilitaka kutoka barabarani nitangaze. Lakini sikumwambia mtu, maana tayari kulikuwa na maneno kwamba Mama Zuhura anaongea na gari.

Kweli nilikuwa naongea nayo.

Ikishawaka nilikuwa nahamia upande wa abiria, kiti changu, nafunga mlango, nakaa. Inanguruma taratibu, kiti kinatetemeka kidogo mgongoni. Namweleza mambo ya wiki. Bei ya migebuka, nani kafiwa, Rehema kapata nafasi Kasulu. Nakaa mpaka adhana ya alasiri. Kisha nazima.

Nikishazima, nyumba inakuwa kubwa.

Ndiyo maana kila Ijumaa nilirudi. Na kila Ijumaa nilisugua, nikiamini bila hivyo haiwaki. Ijumaa za miaka miwili na zaidi. Hesabu mwenyewe chuma kidogo kuliko punje ya mchele kinabakiwa na nini.

Siku ya Ijumaa, yaani juzi, Fundi Silivesta alileta platini mpya kutoka dukani Mwanga, zinang'aa ndani ya kimfuko cha nailoni. Akafunga, ikawaka mara moja, hata nikamwona ni mchawi. Nikavaa kanga zangu za kutokea, nikakaa mbele, tukaenda kuijaribu. Mtaa mzima nimewapungia. Hatujafika soko la Mwanga ikakohoa mara tatu, ikazimika katikati ya barabara, bajaji nyuma yetu zinapiga honi.

Fundi akafungua. Kile kisigino cha plastiki kinachosukuma platini kilikuwa kimelika tayari, kama sabuni iliyosahaulika kwenye maji. Akasema, "Za siku hizi, Mama, ni sura tu. Zile za zamani zingekufikisha Burundi na kurudi."

Watu wema wakaanza kusukuma, na mimi nimeshuka natembea kando nikishika mlango kana kwamba nasaidia. Na nani anapita kwenye bajaji? Bi Mgeni, na kapu la nyanya.

"Mama Zuhura," akaita, "mbona mnasukuma mapema hivyo? Harusi ni Jumamosi ijayo."

"Tunaizoesha tu, mkwe wangu. Shuka na wewe usukume, usije ukapitwa."

"Mimi mgongo mbaya. Ila ile nyeupe ya kwetu bado ipo, ni kuiosha tu." Akacheka, na dereva wake akacheka, na waliokuwa wanasukuma wakacheka. Mimi nilicheka kwa mdomo.

Gari ikavutwa kwa kamba mpaka nyumbani, na siku hiyo sikukaa ndani yake. Ijumaa ya kwanza kuikosa tangu eda. Nilikaa kibarazani nikiitazama, nayo kama inanitazama, wanawake wawili tuliogombana.

Jana asubuhi Zuhura akanipigia. Sauti yake ilikuwa ya kazini, ile anayowaambia wateja. Alisema tuweke kiboksi cha Hamisi, tuachane na platini. "Kama baba mwenyewe ndiye aliyezifikisha hapo, Mama, sisi tunang'ang'ania nini?"

Nikasema sawa. Nikakata simu.

Nikashuka ziwani kununua samaki. Nikachagua migebuka wawili, mkubwa na wa wastani, na nilipofika nyumbani ndipo nikajiuliza huyo mkubwa ni wa nani. Nikawaweka kwenye beseni. Nikakaa kwenye kigoda na mikono yenye magamba, nikabonyeza kile kipaza sauti kwenye kundi, nikaanza kusema kabla sijajizuia.

Nilisema: "Wanangu, nisikilizeni mama yenu. Baba yenu hakuziharibu platini. Nimezisugua mimi, kila Ijumaa, tangu alipotuacha. Fundi aliponiuliza nikamsingizia marehemu. Niliona haya. Msimseme tena baba yenu vibaya, nisemeni mimi."

Nikatuma. Nikaenda kupara samaki.

Niliporudi, wote watatu walikuwa wamesikiliza na hakuna aliyejibu. Nilimwona Hamisi anaandika. Akaacha. Anaandika tena. Akaacha. Nikakaanga samaki wote wawili.

Wa kwanza kupiga alikuwa Zuhura. Hakuwa na ile sauti ya kazini.

"Mama," akasema, "ulijifunzia wapi kusugua kila Ijumaa?"

"Kwa baba yako. Nilikuwa namwona."

Akavuta pumzi, sijui alikuwa anacheka au ni nini. "Baba Ijumaa alikuwa anafuta kifuniko kwa kitambaa kikavu, kwa sababu ya unyevu wa ziwa. Basi. Zile alizokuwa anasugua zilikuwa kongwe, alizitoa kwenye gari ya rafiki yake. Alikuwa ananifundisha mimi, Mama. Anazisugua, anazifunga, ananiambia nizifungue nirudie. Halafu anarudisha zake. Wewe ulikuwa unaona somo langu."

Miaka yote hiyo mlangoni na mwiko wangu, macho yangu kwa yule mzee tu, yule mtoto aliyekuwa juu ya ndoo nikamwona kama pambo.

Tumekubaliana hivi. Kiboksi kinaingia, na nimekitoa chini ya mashuka. Koili inayoutia umeme nguvu, kifuniko, na rota inayougawa kwa plagi ni vile vile vya zamani, bado vizima, vinabaki. Lakini kwanza ataipima koili kama inapatana na kiboksi, na mtu mwingine asiguse kitu mpaka afike. Nikamuuliza, je, kikifa njiani na bi harusi yumo? Akasema, "Nitakuwa kwenye usukani mimi, na platini nzuri nimeziweka kwenye pochi." Yaani Zuhura ndiye atakayemtoa mdogo wake. Nilipolisikia hilo nikasimama, sijui nilikuwa nasimama niende wapi.

Na Bi Mgeni nimempigia leo asubuhi. Nimemwambia gari itabadilishwa kifaa kimoja, kwa hiyo lile neno langu la hata kimoja nimelirudisha. Akasema, "Kumbe na wewe hurudisha maneno?" Nikamwambia asizoee. Ile nyeupe yao ije tu, ikae nyuma yetu, ibebe wanawake.

Zile platini za zamani ni za kutupa, najua. Zuhura amesema hazifai hata kwa akiba. Bado sijazitupa.

Ya Hamisi sijayasema bado. Jioni ya jana, jua halijazama, aliandika swali moja tu, si kwenye kundi, kwangu: "Mama, ukishaiwasha ulikuwa unakaa humo muda gani?"

Nikamjibu mpaka alasiri.

"Kila wiki?"

Kila wiki, baba.

Hakuandika tena. Nilidhani amekasirika, maana ndiye aliyekuwa anataka gari ile iuzwe. Alikuwa aje kwa ndege ya Ijumaa jioni, harusi Jumamosi, Jumapili asubuhi arudi kwenye lifti yake. Sikuwahi kumlaumu. Nilikuwa nawaambia watu mwanangu ana kazi nyingi, na nilikuwa nasema kwa kujivuna kabisa, halafu naingia ndani.

Leo asubuhi amepiga. Kaongea haraka haraka kama mtoto aliyevunja kikombe. Amebadilisha ndege, ameomba likizo, na atabaki siku kumi baada ya harusi. Zuhura anapanda basi keshokutwa. Rehema naye, aliyekuwa aje Alhamisi, ameandika kwenye kundi kwamba bi harusi ni yeye na hajaulizwa lolote kuhusu gari, lakini kwa kuwa wote wanawahi na yeye anawahi, asije akakuta nyama imekwisha.

Leo nimetoa magodoro nje ingawa manyunyu hayajakata, nikayarudisha, nikayatoa tena. Nimefua mapazia ambayo hayakuwa machafu. Jirani yangu Mama Pendo amechungulia juu ya ukuta akaniuliza wageni wa harusi wanaingia lini, Alhamisi au Ijumaa.

Nikamwambia wageni sijui. Wanangu wanakuja Jumatano.

"Yupi?"

Wote, Mama Pendo. Jumatano.